Makochi Yangu Hayakuwa Laini

Walisema sitamaliza mwaka. Walisema diploma ya kutengeneza makochi niliyoifuata hadi India nitaifungia maandazi, kwa kuwa mtu laini kama mimi hawezi biashara ya mitaa ya Eastlands, Nairobi. Fundi mwenzangu wa kando ya barabara alinishika kiganja, akawaambia wenzake, "Tazameni, mkate wa maziwa."

Neno "laini" lilinifuata mtaa mzima wa Ziwani. Mama akinisema mimi ni laini, alimaanisha sijawahi kumjibu mkubwa. Vijana wa kona walimaanisha naweza kuporwa saa mchana. Kwa wateja lilikuwa na maana moja tu: unabonyeza kiti kwa kiganja, kikizama unanunua.

Mafundi wengine walilijua hilo. Walijaza nyasi kavu na magunia, wakatandika sponji juu, kiganja kikazama. Baada ya miezi michache mteja alikuwa amekalia mbao. Mimi nilishona springi moja moja, nikaweka mkonge na sponji nzito. Kiganja hakikuzama. Wateja walibonyeza, wakacheka, wakaenda kwa jirani.

Banda lilikuwa la kuazima kutoka kanisani. Cherehani ilikuwa ya mama mmoja aliyeuza nguo Eastleigh. Nyundo na jiliwa vilikuwa vya mzee mchonga vinyago, Mkamba aliyekaa nyuma yetu. Wote walikuwa wameanza kuulizia mali yao, na bila vitu hivyo ningerudi kutafuta kazi ya kuajiriwa.

"Weka nyasi, kijana," mzee alinishauri. "Watu wanataka kudanganywa. Wadanganye kwa upole."

"Siweki."

"Basi utakalia mwenyewe."

Ndipo akaja dereva wa lori wa mtaa wetu. Wazee wa upande wa bwana harusi walikuwa wanatoka Machakos kuja kuzungumzia mahari ya bintiye, na viti vyake havikutosha. Alibonyeza kochi langu. "Hili ni benchi la shule, bwana."

"Usibonyeze, mzee. Chukua seti nzima bure, mkae. Nitaifuata jioni."

Aliichukua, kisha akaazima nyingine kwa jirani yangu. Mwenye nyumba huwapa wageni kilicho bora, naye akawapa ile seti ya jirani iliyozamisha kiganja. Watu wa kwake wakabaki na benchi la shule.

Mazungumzo ya mahari hayana haraka. Nilikuwepo, nikigawa soda. Kabla chai haijaja, wageni walikuwa wameanza kujigeuza. Mmoja alisimama kunyoosha kiuno, mwingine akaenda kuegemea mlango. Wenyeji walikaa wametulia, wakitaja mbuzi mmoja baada ya mwingine. Mwishowe msemaji wa wageni akasema, "Tumekubali yote. Tusimame basi."

Jioni nilipofuata seti yangu, dereva alikuwa amejilaza juu yake. "Haitoki hapa," akasema. "Taja bei." Na yule msemaji, mkono mmoja kiunoni, alinivuta pembeni. "Nataka kama yale waliyokalia wale wakaidi."

Baada ya hapo sikupata nafasi ya kupumzika. Nilitengenezea watu hadi mtaa wa Komarock, na sikuwahi kuweka hata unyasi mmoja. Wanaosema nilibahatika na wauze makochi yao waone.

Nilipopata banda na vifaa vyangu, nilipakia vya watu kwenye mkokoteni, nikausukuma mwenyewe mchana kweupe, mbele ya mafundi wote. Kanisani nilirudisha ufunguo wa banda, paa lake nikiwa nimeliziba matundu yote. Mama wa Eastleigh alipata cherehani iliyotiwa mafuta na mkanda mpya. Nilimalizia kwa mchonga vinyago.

"Ungeweka nyasi ungerudisha mapema," akasema.

"Ningerudisha mapema, ndiyo. Na leo ningekuwa nimekuja kuazima tena."

Mzee alifuta mikono kwenye aproni, akainuka, akapokea nyundo yake kwa mikono miwili.