Jiwe la Mama kwenye Shingo ya Besi

Mtu akilisifia gitaa langu la besi, namshukuru kwa kifupi na kubadili mazungumzo. Ubao wa shingo yake unang'aa kama kikombe kilichotoka kuoshwa. Kung'aa huko kuliharibu jiwe ambalo halikuwa langu.

Nililinunua likiwa kuukuu, la bei ya chini, ili niipigie kwaya yetu hapa Kyela mjini. Vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo vilikuwa vimelika, basi nikaving'oa vyote kwa koleo na kuziba mifereji yake kwa gundi na unga wa mbao. Nilitaka besi inayoteleza kutoka sauti hadi sauti, kama mtu anayeimba. Lakini rahisi huvunja upishi. Ubao ulikuwa laini mno, na mwezi haukuisha kabla nyuzi za chuma hazijaanza kuutafuna.

Dawa yake nilikuwa naijua: gundi ya supaglu. Unapaka tabaka jembamba, unaliacha likauke kabisa, unapiga msasa, unapaka tena, mpaka ubao uvae ganda gumu. Mwishoni unatakiwa msasa laini sana, na madukani nilipata wa kupigia milango tu. Tamasha la kwaya lilikuwa Jumapili.

Ndipo nikalikumbuka jiwe la mama.

Mama yangu anaishi Ikombe, kando ya ziwa, anafinyanga vyungu. Chungu kikianza kukauka hukisugua kwa jiwe dogo jeusi, ukubwa wa yai la kanga, mpaka kilainike. Alilirithi kwa mama yake, naye kwa mama yake, na vidole vyao vimelichimba kibonde upande mmoja. Nyumbani sote tulijua kuwa litakwenda kwa mdogo wangu wa kike.

Nikapanda mtumbwi kwenda kumsalimia. Alipotoka kwenda kuchimba udongo, nikalitia mfukoni. Nilijiambia naazima tu. Mwizi gani hajiambii hivyo?

Kwa haraka zangu, tabaka la mwisho nililimimina nene. Juu lilionekana kavu. Kumbe ndani bado bichi. Nikasugua, likaanza kung'aa, nikafurahi mjinga mimi, nikakandamiza zaidi. Jiwe likanasa. Nilipolivuta likatoka na kipande cha ganda, limepakaa gundi upande mzima. Badala ya kumrudishia mwenyewe vile vile, nikalikwangua kwa ule msasa wa milango. Gundi ilitoka, na ulaini wa mikono ya bibi zangu ukatoka nayo.

Kidonda cha ubao nilikijaza upya, safari hii nikangoja, kisha nikasugua kwa kitambaa na dawa ya meno. Ukang'aa. Dawa ya meno, iliyokuwa nyumbani kwangu siku zote!

Mama alilipokea jiwe, akalipitishia kidole gumba.

"Umelifanyia nini?"

Nikamweleza. Alichukua chungu kibichi akalijaribu, likaacha mikwaruzo. Sikumsikia akipandisha sauti.

"Ungeniletea hilo gitaa," alisema, "ningekusugulia mwenyewe."

Afadhali angenitukana. Mpaka leo naona hasira, na sina wa kumkasirikia isipokuwa mimi.

Kwenye tamasha nilipiga vizuri, nisiseme uongo. Miezi michache baadaye mwenyekiti wa kwaya alinishika mkono. "Ndaga fijo, kaka, asante sana, umetutumikia. Ila kinanda kipya kina besi humo humo." Sijui kwa nini nilitabasamu. Nilirudi nyumbani nikalitundika gitaa ukutani.

Mwaka huu mdogo wangu ameanza kufinyanga vyungu vyake mwenyewe. Alikuja kwangu, akakataa chai, akabaki amesimama.

"Kaka, nilimwomba mama jiwe langu. Ameniambia liko kwako."

"Nilimrudishia zamani," nikajibu.

Alilisogelea gitaa ukutani, akapitisha kidole gumba kwenye ubao, taratibu, kuanzia juu hadi chini, vile vile mama anavyopima chungu.

"Mama hajakosea," alisema. "Liko hapa. Laini kabisa."

Kisha akalitungua, akanikabidhi.

"Haya, piga basi. Nisikie lilikokwenda."

Nililipakata. Sikuweza kupiga hata uzi mmoja.