Jina la Bi Mwamvua

Kama kuna mtu aliyeichukia ile safari ya visiwani kabla tanga halijapandishwa, ni Theodosia. Siku nne za treni na basi kutoka Kibondo hadi Kilwa, likizo ya Juni mwaka 1996, halafu mama mkwe anakukalisha mkabala naye ndani ya mashua, magoti yanagusana, akutazame vizuri.

Na Bi Mwamvua alimtazama. Tangu juzi alikuwa ametangaza kwamba mjukuu wake harudi bara. Atakaa Kilwa, alelewe na watu. "Na watu", ndivyo alivyosema, na Theodosia akalimeza hilo kama alivyomeza mengine: kwamba yeye ni mkimbizi wa Burundi, hali kwao ni Kitahana, huko huko Kibondo, tangu enzi za babu wa babu yake, kwamba ndoa ya bomani si ndoa. Jioni, wakirudi nyumbani, Bi Mwamvua angekata shauri la mwisho.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye jina. Mtoto, binti wa miaka sita, alipewa jina la bibi yake, Mwamvua. Sasa kwao Theodosia, kwa Waha, mke halitaji jina la mkwe wake. Kulitaja ni kumvua nguo mtu mzima hadharani. Kwa hiyo alimwita mwanawe Kabibi, na miaka yote sita hakuteleza hata mara moja. Mumewe Khatibu, mwenye duka la vitenge pale Kibondo mjini, alilijua hilo vizuri sana. Lakini alikuwa amemwonya: "Mambo ya Kiha usiwaeleze kwetu. Watatucheka."

"Kabibi, shika vizuri," Theodosia alisema mashua ilipoinama.

Bi Mwamvua akatema mate majini. "Jina langu lina miiba? Au linakutia najisi mdomoni?"

Theodosia akamtazama mumewe. Khatibu akatazama tanga, utadhani yeye ndiye nahodha.

"Hapana, mama."

"Hapana nini?" Bi Mwamvua akamgeukia mtoto. "Na wewe, kuanzia leo ukiitwa Kabibi usiitike. Umesikia? Jina hilo huna."

Mashua ikayumba, Theodosia akatapika ubavuni mwa mashua. Mama mkwe akalivuta buibui lake kando, na hakuna aliyempa pole.

Kisiwa cha kwanza walikipita tu. Cha pili wakashuka, wakapika wali na samaki, na Theodosia akapakuliwa sahani yake peke yake, mbali na sinia la wenzake. Khatibu alishiba, akajilaza. Theodosia alimchukia siku ile, alimchukia hasa, akamwangalia anavyokoroma huku mtoto wao anataka kunyang'anywa.

Mtoto alikuwa ameenda kuokota makombe kwenye fungu la mchanga. Mtu wa milimani hana habari na maji kujaa. Theodosia alipoinua macho, fungu limebaki kipande, na maji yamekwisha kupita nyuma ya mwanawe.

"Kabibi! Kabibi wee, rudi!"

Mtoto alisikia, mabega yalimcheza. Lakini alikuwa ameamriwa, na alikuwa mtoto mtiifu. Hakugeuka.

"Kabibi! Yoo, mawe! Kabibi!" akamlilia mama yake kwa Kiha.

Hakugeuka. Basi Theodosia akajitupa majini na kitenge chake, akapiga ukelele uliomwamsha hadi Khatibu:

"Mwamvua! Mwamvua! Toka huko!"

Wote wawili waligeuka, bibi na mjukuu. Mtoto akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Mama! Umemtaja bibi!"

Theodosia alimfikia maji yakiwa kiunoni, akamweka begani, akarudi naye akilia kwa aibu na kwa hasira.

"Kunitaja kuna nini?" Bi Mwamvua akamwuliza mtoto.

"Bibi wa Kitahana alisema mama hataji jina lako kwa sababu wewe ni mkubwa wake. Ni heshima. Hata baba anajua."

Bi Mwamvua akamgeukia mwanawe, aliyekuwa bado anapangusa mchanga shavuni.

"Ulijua?"

"Mama, mimi niliona..."

"Miaka sita namtukana mwenzio, nawe unajua?" Hakumtazama Theodosia, wala hakumwomba radhi. "Mtoto aende na mama yake. Wewe ndiye utakayebaki Kilwa. Malezi yako sikuyamaliza."

Jumatatu Theodosia na Kabibi walipanda basi wawili tu. Khatibu alifika Kibondo mwezi uliofuata.