Siku Mbili za Makelele Shambani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyotoka mtoni na mtungi kichwani nikakuta ng'ombe wa kulima wamefungwa nira ndani ya shamba letu. Ilikuwa miaka ya sitini, ardhi ya Nyamira ikipimwa kilima kwa kilima, na kamati ya wazee ilikuwa ikipita kuamua mpaka wa kila mtu. Hiyo ilikuwa Jumatatu; kwetu wangefika Ijumaa. Aliyekuwa akilima ni shemeji yangu Ombati, mtoto wa mke mdogo wa baba mkwe. Kwa desturi yetu, watoto hurithi mashamba aliyolima mama yao mwenyewe, na hilo alilokuwa akilima, la bondeni, lililimwa na mama mkwe wangu tangu aolewe. Mume wangu alikuwa kibarua Kericho.

Basi nikafanya nini? Nikapiga kelele. Enzi hizo nilikuwa na mdomo, na hata sasa umebaki kidogo. Nilimtukana Ombati mpaka majirani wakaja kutazama, naye akazidi kuswaga ng'ombe wake. Kesho yake nikaandikisha barua ya kwenda Kericho, kisha nikarudi kumtukana tena. Kufikia jioni ua wa zamani wa mpaka wa juu ulikuwa umeng'olewa wote na udongo umegeuzwa.

Jumatano asubuhi mama mkwe akaniita jikoni.

"Nyaboke, hiyo barua itajibiwa lini?"

"Labda wiki ijayo, Mama."

"Na wazee wanakuja Ijumaa. Ombati alijua utagombana, ndiyo maana hana wasiwasi. Wewe unagomba, yeye analima. Hebu niambie, anaelekea wapi?"

Nikatazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa akiteremka kuelekea mahali ilipokuwa nyumba ya kwanza ya Mama. Mafiga yake matatu yalikuwa bado pale, na kando yake kaburi dogo la kifungua mimba wake. Pakishalimwa, wazee wangekuta udongo mtupu, na neno la wanawake wawili dhidi ya neno la mwanamume. Niliona aibu sana.

"Wazee leo wako wapi?"

"Ng'ambo ya mto. Mbona bado umesimama?"

Nilikimbia. Ombati alinicheka nikipita, sikumjibu. Wazee walinung'unika kwamba zamu yetu haijafika, lakini niliposema kaburi linataka kulimwa, waliinuka. Tulikuta jembe limebakiza hatua kama ishirini, na Mama ameketi juu ya figa moja. Aliwaonyesha kila kitu kwa kidole. Ombati alikuwa amejiandaa kwa Ijumaa. Siku hiyo hakuwa na shahidi. Vigingi vilipigwa palepale.

Lakini ile sehemu ya juu hatukuipata. Alama zake zilikwisha kung'olewa nikiwa natukana. Wajukuu wa Ombati wanachuma majani chai pale hadi leo, tunasalimiana vizuri, ila nikipita moyo huniuma.

Mwanangu, mtu akikuchokoza, usifanye lile alilokwisha kulitarajia. Tazama anakoelekea, chagua jambo moja linaloweza kumzuia, ulifanye kabla hajageuka. Hasira utakuwa na muda nayo baadaye. Mungu akupe moyo uliotulia na miguu myepesi, na watoto wako walime kwa amani pale ulipolima wewe.