Wanafunzi Wenye Vipara

Lile boksi lilinuka dawa ya kufukuza nondo kabatini, poda ya bibi kizee, na vumbi la tangu Nuhu hajanunua mbao. Mama alirudi nalo kutoka kazini Golden Valley, kwenye nyumba ya kulelea wazee, siku moja ya baridi ile ya kwetu huku ughaibuni ambayo ukipiga chafya inadondoka sakafuni na kuvunjika. Bibi mmoja ambaye mama alikuwa akimwogesha alimpa zawadi ya kanda zake za video, akamwambia hivyo ndivyo shule zilivyokuwa ujanani kwake. Mama si mtu wa kumkatalia mzee. Basi boksi likaingia kwenye apatimenti yetu ya Fridley, likakaa chini ya tivii, na amani ya nyumba ikatoka kwa mlango ule ule.

Zilikuwa filamu nyeusi na nyeupe za vijana wa hai skuli wanaoimba na kurukaruka na matarumbeta. Mimi mwenyewe shule sikuipenda kihivyo, lakini nisikilize niliyeziona zote: takataka tupu. Waliozitengeneza walikuwa na ngazi moja, mti mmoja wa plastiki na pazia, na kwa mali hiyo wakajaza boksi zima. Mlango ukifungwa, ukuta wa shule unatikisika kama jino la mtoto. Wanafunzi wenyewe vipara. Kuna mmoja eti yuko mwaka wa pili, ana kitambi na shingo ya mikunjo, ukimvua kofia unakuta babu wa mtu. Hadithi ni hiyo hiyo kila kanda: mkuu wa shule kakataza dansi, wanafunzi wananuna, wanampigia tarumbeta sikioni, mkuu naye anatikisa kiuno, kwisha. Kitabu hakifunguliwi. Nilikiona kimoja tu, na kilikuwa kimewekwa chini ya mguu wa piano usiyumbe.

Mimi nilicheka mpaka jirani wa chini akagonga dari. Baba hakucheka. Baba alikuwa fundi mashine kiwandani, mzaliwa wa Kilosa, na aliamini kabisa kwamba picha isiyo na rangi haidanganyi, maana picha zote za namna hiyo alizowahi kuziona zilikuwa za pasipoti na za marehemu. Alikaa kwenye sofa na kofia yake ya sufu, akazitazama zote kama hakimu. Na dada yangu Neema ndiyo kwanza alikuwa aingie hai skuli mwaka ule. Baba akaona jambo liko wazi: kama enzi za yule bibi walikuwa hawasomi hivi, hawa wa sasa si watakuwa wanalala na matarumbeta kitandani? Akampigia simu shangazi Morogoro amtafutie Neema nafasi shule ya bweni ya masista.

Kwa mtoto wa Wabongo wa huku hakuna neno la kutisha kama hilo: unarudishwa. Neema aliacha kula. Huyu ni mtu aliyekuwa akitatua hesabu huku anasukwa nywele, na shule aliyokuwa akiiota ni hai skuli ya mtaani kwetu tu. Akamweleza baba kwamba yale ni maigizo, lakini alieleza kwa Kiingereza, na baba akaona basi, mtoto keshaanza dansi.

Mama alijua baba habishiwi, anaonyeshwa. Akabadilisha shifti, akamwambia shule ile ina dansi ya wanafunzi Ijumaa jioni, na wanatafuta wazazi wa kusimamia meza ya vinywaji.

"Baba Neema, ukakague mwenyewe," akasema. "Ukiwakuta wanacheza vile, mtoto anaondoka, na sanduku nitamfungia mimi."

Nikaburuzwa na mimi, kwa kuwa hapakuwa na wa kuniachia. Muziki ulikuwa unapigwa mpaka meno yanatetemeka, ila wachezaji ndio hawakuwepo. Wavulana wamejibandika ukuta huu kama mabango, wasichana ule, na katikati pamebaki uwanja ndege ingetua. Mmoja akajitosa: mikono imeganda, kila mguu na safari yake, utadhani ngamia anashuka ngazi. Karibu na meza yetu msichana kakalia begi lake, anafanya hesabu. Baba akaacha kumimina juisi. Akawatazama kwa dharau ndefu, dharau ya mtu aliyekulia ngomani, na uso wake ukaanza kulainika.

"Mama Neema, hawa hawajui kitu kabisa."

"Si ndiyo nilikuwa nakuambia."

"Mtu hawezi kuwa mbovu hivi kama hashindi darasani. Mpigie wifi yako, mwambie basi."

Neema akabaki. Leo ni mfamasia, ana nyumba Woodbury na binti wa hai skuli. Wiki iliyopita kaja kwangu amenuna, kanipa simu nitazame. Binti na wenzake wako kwenye korido ya shule wanacheza dansi, filamu yao wenyewe, ya rangi, ukuta wa matofali, vijana wa kweli na nywele zao zote. Neema anataka kumpeleka Morogoro. Nikarudia video mara kadhaa nikitafuta mguu mmoja uliokosea nimtetee mtoto. Anacheza vizuri mno. Sina pa kuanzia.