Shikamoo Juu ya Ziwa

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na nikiharakishwa maneno yanapandana. Meneja wa shamba la chai aliyajua hayo yote aliponipa kazi ya kuandikiana na ndege. Alisema anataka mtu asiyeongea sana. Hapo alikuwa amempata. Mimi hata dukani nikikuta watu wawili nasubiri waondoke, na wakija wengine narudi nyumbani bila chumvi.

Shamba lilikuwa la serikali, likauzwa kwa mwekezaji, na mwekezaji akaja na ndege ndogo. Ilitoka ng'ambo ya Ziwa Nyasa na vipuri vya kiwanda, ikatua kwenye uwanja wetu wa nyasi baada ya ng'ombe kufukuzwa. Ikiwa katikati ya ziwa hakuna aliyeweza kuiona. Kilichotuambia kwamba bado iko angani ni ujumbe tu. Rubani aliandika kwenye kimashine chake: niko mahali fulani, urefu fulani. Maneno yalisafiri kwa redio, yakatoka kwenye karatasi chumbani kwangu, nami nikabonyeza herufi moja moja mpaka zitimie: IMEPOKELEWA. Rubani akipata neno hilo anajua huku chini yupo mtu anayemfuatilia.

Kisha akaja mtaalamu kutoka Dar es Salaam kuyapima mawasiliano hayo. Mashine yake ilirekodi muda kuanzia rubani anapotuma mpaka neno IMEPOKELEWA linapomfikia, mengine haikuyajali. Dakika mbili zilitosha. Zikizidi kila mara, kituo chetu kingefungwa, ndege ingetua Mbeya, na mimi ningerudi kuchuma chai. Sisemi vibaya juu ya chai. Lakini mle mistarini kina mama wanataniana kutwa, na wakichoka kutaniana wao kwa wao wananigeukia mimi.

Vipimo vilikuwa vibaya. Jibu letu lilichelewa mpaka mtaalamu akadhani saa yake imeharibika. Alilaumu mvua, lakini hapa Tukuyu ukisubiri mvua iishe ndipo upime, utazeeka. Akalaumu mlima Rungwe. Meneja akamwambia mlima hauhamishwi. Basi akaigeukia migomba ya bibi jirani, iliyokuwa imeuzunguka mlingoti wa antena.

Alikwenda kwa bibi, akamsalimu, wakaulizana kulala, kuamka, watoto, mvua na mahindi. Walipomaliza ndipo akasema shida yake.

"Majani yako ni mapana, bibi. Yananyonya mawimbi."

"Mimi yananipa ndizi," bibi akasema. "Hayo mawimbi hata sijayaona kwenye mkungu."

"Yakikatwa, ndege itasikika vizuri."

"Ndege yenyewe naisikia mpaka kuku wananikimbia. Kata majani, shina usiguse. Na wewe mwenyewe ndiye utakayewajibu watu wa kanisani wakiniuliza migomba imeugua nini."

Majani yakakatwa. Siku iliyofuata rubani wetu alikuwa na mapumziko, akaja rubani mwingine, kijana, na jibu likafika chini ya dakika moja. Mtaalamu alishika shina la mgomba akalipigapiga kama anayempongeza mtu. Kisha rubani wetu akarudi, na vipimo vikaharibika tena. Mtaalamu akasema sasa ni mashina. Bibi akamjibu kwamba huyo anayetaka mashina aje na mama yake amshikie koti wakati wa kupigana.

Nadhani ni maneno hayo yaliyomfanya aje kukaa nyuma ya kiti changu badala ya kwenda migombani. Ujumbe wa rubani ukatoka. Nikaandika: SHIKAMOO MZEE. Tukangoja.

"Mbona hujibu?" mtaalamu akauliza.

"Nimejibu."

"Neno langu liko wapi?"

"Bado hajaitikia."

Karatasi ikasogea: MARAHABA KIJANA. HABARI ZA NYUMBANI. Nikaanza kutafuta herufi N.

"Kaka, hivi unafanya kila siku?"

"Akiwa huyu mzee. Nilimwona akishuka, ana mvi."

"Na yule wa juzi?"

"Yule ni rika langu."

Mtaalamu alitazama dirishani, migomba ilikosimama uchi. Aliyahesabu mashina mpaka nilipomaliza kuulizwa mvua.

Akaniamuru kwamba kesho yake nijibu neno moja tu. Sikupenda, lakini nilitaka kubaki na kazi. Ujumbe ulipotoka nikaandika IMEPOKELEWA. Mtaalamu akatabasamu akiitazama saa yake. Karatasi ikasogea: NANI HAPO.

"Neno lile lile," mtaalamu akasema. "Tunapima."

IMEPOKELEWA.

KIJANA YUKO WAPI.

IMEPOKELEWA.

NARUDI NILIKOTOKA.

Meneja, aliyekuwa mlangoni, alishika kichwa. Kiwanda kilikuwa kimesimama kikisubiri kipuri kilichokuwa ndani ya ndege ile.

"Mwandikie shikamoo," mtaalamu akaniambia. "Upesi."

"Upesi siwezi."

Walisimama wote wawili nyuma yangu wakinionyesha herufi, na mara mbili walinionyesha isiyo yenyewe. Hatimaye ikaenda. Karatasi ilikaa kimya muda mrefu sana. Niliwaza ziwa lote lile na mtu mmoja juu yake asiyejua anaongea na nani.

MARAHABA. ULIKUWA WAPI.

"Mwambie ulikuwa chooni," meneja akasema. Nikaandika.

Ndege ikageuka, ikatua. Mzee aliingia akanitazama vizuri kwanza, halafu akamwambia mtaalamu, "Salamu ya huyu naijua, hata namna anavyochelewa. Lile neno moja mwizi wa redio naye analiweza."

"Basi atangulize IMEPOKELEWA, salamu zifuate," mtaalamu akasema.

Mzee alinitazama, nami nikamtazama. Kumpa mtu mzima habari kabla ya kumwamkia? Mtaalamu aliona mwenyewe kwamba jambo hilo halitafanyika. Akakaa, akatafuna kalamu, kisha akaandika kwenye taarifa yake kwamba kwa kituo hiki muda uhesabiwe kuanzia salamu ya mwisho.

Kwa kipimo hicho hatukuchelewa hata mara moja. Kituo kikabaki, nami nikabaki kwenye kiti changu. Bibi alipouliza majani yake yalisaidia nini, mtaalamu alisema yalisaidia kuondoa shaka, akapanda gari.

Kabla hajaondoka aliniambia kwamba ziko ndege zinazovuka bahari kubwa kwa masaa mengi, zikiandikiana na watu wa nchi kavu hivi hivi. Sijaacha kuwaza juu ya watu hao. Kama wewe unayesoma unaifanya kazi hiyo, au unamjua anayeifanya, niandikie uniambie: rubani wenu akinyamaza, mnangoja muda gani kabla ya kuanza kuogopa? Nitajibu, ingawa nitachelewa.