Tulificha Jina la Mama wa Mwaloni

Siku ya kwanza kazini nilipewa daftari, kinasa sauti na onyo. Niliacha shule darasa la tano wazazi walipofariki, nikabaki kijijini Nyamisangura, Tarime, na wadogo zangu wanne. Nilichokuwa nacho ni lugha: Kikurya cha nyumbani, Kijaluo cha sokoni, na Kiswahili. Mtafiti mkuu, tuliyemwita Daktari, alinichukua niwe mkalimani wake kwa wahamiaji waliofuata dhahabu.

"Dada, usiongeze wala usipunguze," alisema. "Wakisema upuuzi, nipe upuuzi wao."

Nililishika hilo.

Mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, kulikuwa na mponda mawe aliyejulikana kama mjane wa mwanamume wa Tarime. Jina lake silitaji hata leo. Nilimsomea fomu ya ridhaa, karatasi ya kukubali kuhojiwa kwa hiari. Alikataa kuweka dole gumba. Alisema karatasi za wino ndizo zinazohamisha watu. Nikamwahidi kwa Kijaluo kwamba hakuna atakayemjua. Ndipo akaeleza alichowaficha wote: hakuwahi kuolewa Tarime, alivuka mpaka kutoka nchi jirani na watoto bila kibali. Mwenye eneo la machimbo akijua, angemfukuza. Alipomaliza alipapasa nyundo yake. "Mzee wangu huyu hanywi, hanipigi. Anapiga mawe tu."

Utafiti ulipoisha tukafanya mrejesho, kikao cha kuwarudishia watu matokeo. Daktari alisoma, mimi nikatafsiri. Jina lilikuwa limebadilishwa. Maneno ya nyundo niliyatoa kama yalivyotoka, na lafudhi yake. Watu wakacheka. Mchimbaji mmoja akasema, "Si yule mama wa pale kwenye karasha la kusagia mawe? Kila siku anatusifia mzee wake."

Nilipaswa kunyamaza. Nikaendelea na habari ya mpaka, kwa sababu ndiyo iliyofuata kwenye karatasi. Mwenye eneo, aliyekaa mbele, hakucheka.

Mama mwenyewe alikuwa amekaa nyuma. Aliinuka, akanipita, akaniambia kwa Kijaluo, "Umenisema vizuri, dada." Daktari akauliza amesema nini. Nikajibu, "Ametuaga."

Kesho yake kibanda chake kilikuwa kitupu.

"Jina hatukulitaja," Daktari aliniambia. "Taratibu tumezifuata."

Nilitafsiri miaka mingi baada ya hapo, kwa wakubwa wengine, nikasomesha wadogo zangu kwa kazi hiyo. Sasa nimestaafu. Watafiti vijana hunifuata nyumbani, wananiamkia shikamoo, wanauliza mkalimani mzuri anafanyaje. Nawaambia apunguze. Wanaandika: asiongeze wala asipunguze.