Kiti cha Gavana wa Požega

Siku yangu ya kwanza katika jumba la maonyesho kule Doha, msimamizi wa zamu alinionyesha alama ya utepe wa gundi sakafuni. "Hapa ndipo posti yako, Mzee. Posti haina kiti. Ukichoka, badilisha mguu." Shule niliachia darasa la saba, na huenda mengine nayakosea, lakini maneno hayo sijayasahau. Nyinyi vijana mnaotafuta kazi ya ulinzi huko, yasikieni.

Kaunti zilikuwa bado mpya kwetu Kenya, nami nikakuta maonyesho ya kaunti ya kale ya Ulaya. Iliitwa Požega, kati ya mito Drava na Sava, mpakani mwa Hungaria na Kroatia, kila upande ukidai ni yake. Mkuu wake aliteuliwa na mfalme; sisi walinzi tukamwita Gavana. Mama aliyeongoza wageni alirudia kila siku: katika mahakama ya kaunti ile, mshtakiwa aliitwa kwanza, akasikilizwa, ndipo akahukumiwa. Kama ilikuwa hivyo daima, sijui.

Katikati ya ukumbi kilikuwepo kiti cha Gavana huyo. Cha kuigiza tu: kilichongwa Industrial Area ya Doha, mtaa wa viwanda, huko huko tulikolala, na fundi tuliyepanda naye basi la kampuni!

Okello, Mganda niliyefanya naye zamu, alikuwa amevimba goti. Kiti aliomba, akanyimwa, akaomba tena. Siku moja, ukumbi ukiwa mtupu, akakalia kile cha Gavana.

"Heshima yako, Gavana," nikamtania.

"Nyamaza, raia. Lete kesi."

Kamera ikamwona. Jioni akaambiwa afunge mizigo, arudi kwao.

Nikamfuata msimamizi. "Bosi, mwite kwanza. Msikilize. Lione hilo goti."

"Mzee, umekuwa loya? Kamera imeshasema."

Nimtendee haki: naye alikuwa na wakubwa wake, na ndiye aliyempeleka Okello uwanja wa ndege kwa gari lake mwenyewe. Lakini hasira haijaniisha. Kesho yake nilisimama kando ya kiti kile kitupu, nikilinda mbao, huku mama yule akiwaambia watoto wa shule: aliitwa kwanza, akasikilizwa.

Sasa nimestaafu. Majirani wakiniita niamue ugomvi, hunivutia kiti. Sikikalii. Nauliza anayeshtakiwa yuko wapi. Aitwe, na kiti hicho apewe yeye.